Jani la Tatu

Asubuhi moja mwaka wa 1996, basi letu la kutoka Kimulot lilikuwa limekaribia Kericho pale mzee wa koti la mvua aliposhindwa kunyamaza. "Mama, wagonjwa hupelekewa uji. Wewe unapeleka matawi ya chai?"

"Ni ya bwana yangu, Kimeli," alijibu mwanamke aliyepakata kikapu. "Mti ulimwangukia kichwani. Hospitali wanampatia vibao vya rangi apange kama mtoto wa nasari. Akivitupa, wanasema akili imeisha."

"Daktari amesoma, mama."

"Amesoma kichwa. Hajasoma Kimeli. Juzi nilimwekea tawi mkononi. Akachuma majani mawili na kichipukizi, jani la tatu akaliacha. Hilo hata kituo cha kununua chai wanalikataa."

Mzee alikohoa. Mimi nilijifanya natazama ng'ombe ambao hawakuwepo.

"Askari wa geti la hospitali atakunyang'anya."

"Jana alijaribu." Hakueleza zaidi, nami nikamhurumia askari.

"Na wewe, Kimeli anakujua jina?"

Basi lilisimama. Mama akabeba kikapu mgongoni, kamba ikakaa kwenye paji la uso.

"Bado," alisema akishuka. "Amalize hii chai kwanza. Mimi nitangojea."