Jiko la Mama Bomba

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, nje ya kinyozi, na birika langu la kahawa ndilo mwenyekiti. Asubuhi ile Bomba, fundi wa mabomba, alifika na barua ya halmashauri. Alikuwa ameomba kibali cha kumjengea mama yake nyumba ndogo uani, maana tangu mzee afariki mama anaishi peke yake.

— We nawe! Ukaandika "nyumba ndogo"? — Wembe, kinyozi wetu, akacheka mpaka akashika ukuta. — Mkeo ameiona?

— Ndiye aliyenisaidia kuandika. Acha mzaha. Wamekubali chumba, mita mbili kutoka ukuta wa jirani. Ila kisiwe na jiko. Kikiwa na jiko ni nyumba ya pili, na kiwanja changu ni cha nyumba moja.

— Si apike kwako?

— Mama kasema bila jiko lake haji. Na yeye na mke wangu wanapendana. Ndiyo maana sitaki wagombanie sufuria.

Kamusi, mwalimu mstaafu, akavua miwani.

— Wahenga walisema mafiga ni matatu. Jenga mawili. Mkaguzi akija, hilo si jiko, ni mawe.

— Na sufuria?

— Ataishikilia.

— Hapana, — Wembe akadakia. — Haba na haba hujaza kibaba. Weka tofali moja kwa siku. Jicho la mkaguzi litazoea.

— Mama ana miaka sabini na sita, Wembe!

— Basi mawili kwa siku.

— Sikilizeni, — Kamusi akasema. — Mwanamume akioa, husemwa amepata jiko. Kwa hiyo kisheria jiko ni mke. Mama ni mjane, chumba hakina mke, hakina jiko. Kesi imekwisha!

Bomba hakucheka. Aliikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kiberiti.

— Nyie mnatania. Juzi nimempigia simu, akaniambia siku nzima hajasema neno na mtu.

Nikammiminia kahawa bila kuombwa.

Wiki iliyofuata mama alikuja mwenyewe kukiona kiwanja. Mwanawe akamleta kijiweni. Tukasimama wote.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu. Nyie ndio mawakili wa jiko langu?

Kamusi akainama kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa.

— Hebu niambieni, — mama akasema. — Huko halmashauri, ofisini kwao, hawachemshi chai?

— Wanachemsha, mama. Wana chumba kizima.

— Basi ofisi yao nayo ni nyumba?

Wembe akamtazama Kamusi. Kamusi akanitazama mimi. Mimi nikalitazama birika.

— Twende tukawaulize, — mama akasema, akamshika mwanawe mkono.

Walikwenda. Bomba anasema karani alifungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Mwishowe akaandika swali lile kwenye karatasi na kulipeleka kwa mkubwa wake. "Likijibiwa tutawaita," akasema. "Kwa sasa jengeni chumba, na mama awe na jiko lake dogo la kubebeka, lisilojengewa."

Hawajaitwa hadi leo. Mama amehamia. Jumamosi ya kwanza alipika, na harufu ya vitunguu ikatufikia kijiweni. Wa kwanza kuingia na sahani mkononi alikuwa mkewe Bomba.