Magoti ya Abiria

Kijiwe chetu cha bodaboda pale Maili Moja, Kibaha, kina benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa duka la vipuri, na bidhaa inayopatikana kwa wingi pale ni maelezo. Ukikaa kusubiri usafiri wa kazini, kama ninavyokaa mimi kila asubuhi, utaelezwa. Siku hiyo maelezo yalimhusu Hamidu, aliyekaa katikati ya benchi, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa bandeji. Jana yake, kwenye foleni ya barabara kuu, alijaribu kupenya katikati ya malori mawili akiwa na abiria, lori moja likasogea. Sasa Zubeir, kiongozi wa kijiwe, ambaye wote tunamwita Mwenyekiti, alitakiwa kuamua: Hamidu akipona arudi barabarani, au avue rifleta, kile kizibao cha kung'aa cha bodaboda, aondoke moja kwa moja. Kazi nyingine hana. Mzee Maulidi wa kahawa alikuwa ameshamimina.

— Ulikuwa mwendo gani? aliuliza Mwenyekiti.

— Wa kawaida tu, kaka. Nilichomekea kama siku zote.

— Mwendo hauna shida, alisema Injinia, yaani Khalfani, anayetengeneza pikipiki zote za kijiwe. Vioo vya pembeni nilivitoa kwa mkono wangu. Usukani nimeukata huku na huku. Ile pikipiki sasa hivi ni nyembamba kuliko Hamidu mwenyewe.

— Sasa bila vioo, nyuma anaonaje? aliuliza Mzee Maulidi.

— Mzee wangu, nyuma kunamhusu nini? Si anaenda mbele?

— Tatizo ni lori, alisema Mwenyekiti. Lilisogea bila taarifa.

— Foleni si ndiyo ilianza kutembea?

— Ilitembea, mzee, sawa. Lakini dereva alikuwa anamwona.

— Hakuniona, alisema Hamidu. Nilikuwa usawa wa tairi la nyuma.

Hapo Profesa akakunja gazeti. Jina lake Castory, karani mstaafu, na uprofesa alijipa mwenyewe, sisi tukachoka kubisha.

— Nyie mnaongea juu juu. Ilikuwa saa ngapi?

— Mchana. Jua kali.

— Basi. Chuma kikipata joto kinatanuka. Lori la kulia limetanuka, la kushoto limetanuka. Nafasi uliyoiona wakati unaingia siyo uliyoikuta katikati.

Hamidu aliitikia kwa kichwa, kama mgonjwa anayesomewa majibu ya kipimo.

— Na pikipiki nayo haitanuki? niliuliza.

— Dada, pikipiki inatembea. Inapigwa upepo.

Nikarudi kwenye kahawa yangu.

— Mimi sibishani na sayansi, alisema Injinia. Ila kuna huyo abiria. Alikaaje?

— Upande. Alivaa sketi ndefu, na begi mapajani. Alisema ana usaili wa kazi, nimuwahishe.

— Unaona sasa. Mimi nakata usukani, natoa vioo, halafu mtu anakuja kuning'iniza magoti nje.

— Kwa hiyo magoti ndiyo yaliyogusa lori? aliuliza Mwenyekiti.

— Yaligusa, alisema Hamidu polepole.

— Na goti la mtu aliyekaa upande ni usukani wa pili, alisema Profesa. Akiligeuza, chombo kinageuka. Ukienda kisheria, aliyekuwa anaendesha ni yeye.

— Kisheria? aliuliza Mzee Maulidi.

— Kisheria kabisa. Hamidu alikuwa abiria.

Hakuna aliyecheka. Hamidu alinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

— Na washkaji hawakulala, alisema Mwenyekiti. Kufumba na kufumbua tumeshalizingira lori, funguo tumechomoa, dereva yuko chini anajieleza. Wengine wakambeba Hamidu, wengine wakaisukuma pikipiki mpaka hapa. Ndivyo tunavyoishi sisi. Kwa hiyo mimi naona huyu akipona…

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya birika la kahawa, viatu vyekundu kwa vumbi la safari. Alimsalimia mzee kwanza.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Ahsante. Naitwa Mwamini, natokea Maneromango. Namtafuta mdogo wangu, Raudha. Jana alikuwa anaenda kwenye usaili, na mpaka sasa simu yake haipatikani. Nimeambiwa alipanda pikipiki ya hapa, ikaanguka. Mlimpeleka hospitali gani?

Mwenyekiti alimtazama Injinia.

— Mimi nilikuwa na pikipiki, alisema Injinia.

— Mimi nilikuwa na dereva wa lori, alisema Mwenyekiti. Funguo nilizishika mimi.

Profesa hakuwepo, yote aliyajua kwa kusimuliwa. Nami nilikuwa nimekaa pale tangu kikombe cha kwanza, nimeuliza habari za chuma.

— Wewe ndiye uliyembeba? Mwamini alimuuliza Hamidu.

— Ndiyo, dada.

— Ulimwacha wapi?

— Alikuwa amekaa chini, ukingoni mwa barabara. Wenzangu walikuwa wananiinua. Akaniuliza kama nimeumia.

— Na wewe ulimuuliza?

Hamidu aliangalia bandeji yake.

Injinia alishawasha pikipiki iliyokuwa karibu.

— Panda, dada, nikuzungushe hospitali zote. Bure kabisa. Dakika mbili tu tumefika ya kwanza.

Mwamini aliitazama ile pikipiki, mahali vioo vilipokuwa, maana nayo vilishatolewa.

— Iliyo karibu iko upande gani?

Mzee Maulidi alimwonyesha kwa mkono. Akashukuru, akaanza kutembea.

Hamidu alinyanyuka. Mwenyekiti akamwambia akae, shauri lake lilikuwa linaelekea kwisha vizuri. Hamidu alivua rifleta kwa mkono mmoja, kazi iliyomchukua muda, akaiacha kwenye benchi, akamfuata yule dada kwa nyuma kidogo, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa.

Mwenyekiti akauliza kama kahawa bado ipo.

Ilikuwepo, tena nyingi.