Mama Ng'oa Aondoka, Korongo Wabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, Mama Ng'oa atafunga geti la kitalu cha miche kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika idara yetu ya uhifadhi. Kwa tukio zito kama hili, idara haikujibana. Imemtengea dakika tano nzima kwenye ratiba, kati ya hotuba ya mkurugenzi na hotuba nyingine ya mkurugenzi.

Alianza kama kibarua wa kumwagilia. Akapanda hadi kuwa mkuu wa kitalu, cheo ambacho, kwa wasiojua, humpa mtu haki ya kumwagilia akiwa na ufunguo mfukoni. Wakati sisi wengine tukiokoa viumbe kwa moyo wote kwenye semina za hotelini, yeye alikuwa amezama kwenye tope hadi magotini, akirudishia mafunjo na matete.

Kila mwaka, siku ya kupanda miti, huja mgeni rasmi. Hupanda mche, hupigwa picha, hunawa mikono, huyoo anaondoka. Mche hufa wiki ya pili. Mama Ng'oa huchomeka mwingine wa kimo kilekile chini ya kibao kilekile, ili mgeni akirudi asivunjike moyo. Yupo mheshimiwa mmoja ambaye mpaka leo huleta wajukuu wauone mti aliopanda kwa mikono yake. Huo ni wa sita.

Sasa tuje kwenye kinamasi kilicho nyuma ya ofisi, ambacho kwenye ripoti tunakiita ardhi oevu ili kionekane kimesoma. Humo ndimo korongo taji hutaga, na ukanda wetu wote ulikuwa umebakiwa na jozi tisa tu. Miaka kumi na miwili iliyopita, wataalamu wetu waliamua kuwatengenezea ndege hao makazi. Wakapanda mikaratusi elfu nne. Mkaratusi, jamani! Mti unaofyonza maji kama una ugomvi nayo!

Mama Ng'oa aliandika barua kumi na moja. Idara yetu si ya kulala, ikaunda kamati. Msimu wa pili tope likapasuka. Msimu wa tatu hakuonekana korongo hata mmoja, na kamati ikaripoti kwa furaha kwamba mikaratusi inaendelea vizuri sana.

Basi mama wa watu akachukua likizo. Wenzake huenda kwao kupumzika, yeye alishika shoka na jembe. Akakata, akang'oa visiki, likizo tatu mfululizo, akisaidiwa na mdogo wake wa kike na shemeji yake, ambaye alidhani amealikwa kula. Ofisi iligundua mwaka wa tatu, maana madirisha yetu yote yanatazama maegesho ya magari.

Alipewa barua ya onyo kwa kuhujumu mradi, pamoja na jina analolibeba hadi leo. Aliisaini, akaomba nakala, akaitumia kufungia mbegu. Barua ile niliichapa mimi, katibu muhtasi wenu. Nilijua ni uonevu, nikaona aibu, nikaichapa vizuri bila kosa hata moja.

Maji yakarudi. Korongo nao wakarudi, na msimu uliopita tulihesabu jozi kumi na nne kwenye viota. Ikaja tuzo, mkurugenzi akaipokea kwa unyenyekevu mkubwa, hotelini. Barua ya onyo bado imo kwenye faili la Mama Ng'oa, kwa kuwa kamati ya kuitoa haijapata akidi.

Waandaaji wa sherehe walimuuliza angependa zawadi gani. Aliomba jambo moja: asitokee tena mtu wa kupanda mkaratusi kinamasini. Walimsikiliza kwa makini, wakaandika. Jana wakampandia mkaratusi wa heshima, ukingoni mwa kinamasi, na kibao cha shaba chenye jina lake, wakamtangazia kwamba mingine elfu mbili itafuata Jumatatu. Aliutazama mche, akatutazama sisi, akaomba maji ya kunawa. Alinawa mara tatu, na mche hakuugusa. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya barua.

Leo asubuhi mche haupo, limebaki shimo na kibao. Mlinzi amehojiwa hadi amekasirika. Kamati isijisumbue, nimeung'oa mimi. Ile elfu mbili iliyokwisha kuletwa kitaluni kusubiri Jumatatu nayo imepakiwa kwenye lori na kurudi ilikotoka, fomu nimeisaini kwa jina langu kamili. Kuokoa muda, barua yangu ya onyo nimeshaichapa. Ipo mezani kwa mkurugenzi, inasubiri sahihi.

Asante, Mama, kwa miaka yote uliyotuvumilia. Nenda salama, ule vizuri, ulale hadi jua liwe juu, na miguu yako hatimaye ikauke. Ufunguo wa geti niachie mimi.