Dakika Thelathini za Bunge la Los Olmitos

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu mbele ya duka la malisho la Los Olmitos, basi siasa za New Mexico unazisikia kwa mbali tu. Benchi ni ubao wa lori juu ya magogo mawili. Juu yake ukutani kuna saa kubwa kama sufuria la harusi. Kahawa inatoka kwenye chupa ya Greda, kahawa nzito ambayo nimeiona mwenyewe ikisimamisha kijiko wima. Greda anaendesha greda la kusawazisha barabara, ndiko jina lilikotoka. Yule tunayemwita Mbunge hajawahi kuwa mbunge. Alikuwa bawabu wa mlango wa Bunge kule Santa Fe kwa wiki tatu, akarudi kifua mbele. Mzee Eufemio, msimamizi wa mfereji unaonywesha mashamba yetu, ana miaka themanini na nyonga moja ya chuma. Mimi wananiita Spika, kwa sababu ya sauti. Nikipiga chafya hapa, mbwa wa mji wa Taos wanabweka.

Asubuhi hiyo ya Aprili tulikuwa tunabishania Bunge la jimbo. Mwaka mmoja linakaa siku sitini, mwaka unaofuata thelathini, na hizo thelathini ni bajeti na yale aliyoyataja gavana, basi. Sasa wako wanaotaka kila mwaka ziwe sitini, na kila jambo liruhusiwe.

— Thelathini zinatosha na kubaki, nikasema. Mimi kwa siku thelathini nilichimba kisima, nikajenga jikoni, nikagombana na mke wangu, tukapatana, tukagombana upya.

— Hicho kisima kina maji? akauliza Greda.

— Tunaongelea Bunge, kaka.

— Nimeuliza tu.

Nikaona niwafundishe kwa vitendo. Nikawaambia tufanye kikao chetu hapo hapo: dakika moja ni siku moja, tunaanza saa tano na nusu, saa sita tunafunga. Hoja ni moja, urefu wa Bunge. Nyingine yoyote, marufuku.

Mzee Eufemio akanyoosha mkono.

— Wanangu, ubao wa lango la mfereji umeng'oka. Saa saba wanaachilia maji kutoka bwawani.

— Nje ya hoja, mzee wangu.

— Nataka watu wawili tu. Washike ubao, mimi nipige misumari. La sivyo maji yote yanaishia korongoni, na zamu yetu nyingine ni baada ya siku kumi na mbili. Mitufaha ya yule dada mgeni kule chini itakauka.

— Mzee, nikikuruhusu wewe, kesho Greda ataniletea habari za mbuzi wake.

— Hata vitunguu saumu vyako, Spika, vinakunywa mfereji huo huo.

— Imeandikwa, nikasema, ingawa kalamu hatukuwa nayo.

Mbunge akaomba nafasi. Nikampa.

— Nyinyi hamjui, akasema. Siku ya kwanza ni maombi. Ya pili, picha. Ya tatu mpaka ya tisa wanatafuta pa kuegesha magari. Kwenye thelathini zinabaki ngapi hapo? Mimi mwenyewe nilichelewa kufungua mlango dakika nne, sheria nzima ya nyuki ikafa.

— Ulilala? akauliza Greda.

— Nilikuwa natafakari.

— Siku tatu, akasema Greda. Wafungiwe ndani, choo kifungwe. Utaona bajeti inavyopita.

— Wewe unaongoza kwa kibofu, nikamwambia. Wakae juu ya nyumbu, hawa wa kubeba mizigo, wote, na magavana wao. Nyumbu wa mwisho akigoma, Bunge limekwisha. Nyumbu wangu mmoja, marehemu, angewapa wiki mbili safi.

— Mwaka mzima! akapaza Mbunge. Wahamie kule na magodoro. Waoane humo humo. Watoto wazaliwe kwenye kamati, wakue wanaijua bajeti kama jina la mama.

Mzee akanyoosha mkono tena. Nikamwonyesha saa: saa sita kasoro dakika moja. Akaushusha mkono polepole.

— Na hatujapiga kura, akasema Greda.

Mbunge akatabasamu kama mtu mwenye ufunguo wa ghala.

— Zamani wakubwa walifanyaje? Walifunika saa. Saa isiyoonekana haijafika.

Greda akavua kofia yake pana, akaitundika juu ya ile saa. Tukaendelea. Kura ya kwanza ilikuwa tatu kwa tatu, na mpaka leo sijui zilitoka wapi. Tukajadili nyumbu walishwe na nani. Nilitoa hotuba ambayo, bila kujisifu, ingesimama kortini. Chupa ikapinduliwa, ikatoa tone moja. Mbunge akaomba lijadiliwe kivyake.

Ndipo pikapu likasimama, akashuka Nadine Archuleta, yule dada aliyenunua shamba la mwisho kule chini, na matope ya miche yake mipya bado magotini.

— Habari zenu, kaka zangu. Mzee Eufemio yuko wapi?

Tukageuka. Pale alipokuwa amekaa kulikuwa na kikombe chake, kimejaa, kahawa imeshika utando. Nikamtazama Mbunge, Mbunge akamtazama Greda. Beleshi la mzee lililokuwa limeegemea ukutani halikuwepo.

Greda akainua kofia. Saa saba na dakika tano.

Tulirukia nyuma ya pikapu, hata Mbunge, ambaye huwa anasubiri afunguliwe mlango.

Tulimkuta ndani ya mfereji, maji yamempita magoti. Ubao ameukandamiza kwa bega na ile nyonga ya chuma, nyundo mkononi, na hana mkono wa tatu wa kushika msumari. Nusu ya maji ilikuwa inakimbilia korongoni. Nusu ilikuwa inashuka kwenda kwa Nadine.

Akaniona nikiteremka.

— Spika, akasema, meno yakigongana. Naomba nafasi.

— Unayo, mzee wangu, nikasema, nikaingia majini na viatu, nikashika ubao.

— Dakika ngapi?

— Mpaka umalize.

Akapiga msumari wa kwanza.