Bi Ardis Tollefsrud na Watu Walioacha Oktoba

Tarehe 30 Septemba 2024, Bi Ardis Tollefsrud atafunga dirisha namba nne la Ofisi ya Msajili kwa mara ya mwisho, baada ya kulifungua kwa miaka thelathini na minne na siku kadhaa. Hizo siku kadhaa amezihesabu mwenyewe. Mimi nimeziacha, maana nikikosea ataniandikia barua ya masahihisho na nakala ataipeleka kwa mkuu wangu.

Alikuja hapa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Brekkedal mwezi Agosti 1990, kumshikia nafasi mpiga chapa aliyekuwa likizo ya uzazi. Ilikuwa kazi ya wiki sita. Mpiga chapa akajifungua mapacha, akaamua kubaki nyumbani, na Ardis akaachiwa kiti, taipureta na kabati moja la mafaili ambalo hakuna aliyetaka kuligusa. Humo mlikuwa na maombi ya wanafunzi wanaohamia kwetu kutoka vyuo vya miaka miwili, watu waliokwisha kusoma nusu ya shahada kwingine na wanaotaka kuimalizia hapa. Kila faili lilihitaji mtu akae chini, apime somo la kule linalingana na somo gani la hapa. Ni kazi ya kuumiza macho. Yeye aliipenda tangu siku ya kwanza, na sababu hajatueleza hadi leo.

Sitaki kumvika kilemba cha ukoka. Mwanzoni alikuwa mkali kupita kiasi. Mwaka wake wa pili alirudisha bunda zima la mafaili kwa sababu yamegongwa muhuri wa wino wa kijani badala ya mweusi. Msajili wa chuo kilichorudishiwa aliendesha gari maili tisini kwenye theluji, akaingia na muhuri wake mkononi, akagonga faili moja baada ya jingine mbele ya Ardis. Kisha wakaenda kula mchana pamoja. Sheria ya wino ilikufa alasiri hiyo hiyo, na yule msajili akawa rafiki yake hadi alipofariki.

Daftari lake la jalada la bluu mnalijua. Lina masomo ya vyuo thelathini na kimoja, na kila mstari uliomo umepiganiwa. Idara ya Fizikia ilibishana naye miaka miwili kuhusu somo moja la uchomeleaji, ikashindwa, na mwaka wa tatu ikamwalika kwenye sherehe yake ya Krismasi. Alikwenda na lefse, zile chapati za viazi za Kinorwe, za kutosha idara mbili. Hatukuwahi kumlaumu kwa mapishi. Kahawa yake ndiyo nyepesi kiasi kwamba unaweza kusoma gazeti kupitia ndani yake, na tumeinywa kwa uvumilivu.

Sasa nifike mwaka 2009, ambao nina sehemu yangu ndani yake, wala si sehemu ya kujivunia.

Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya Ofisi ya Takwimu ya mwaka ule. Ilisema kwamba kati ya wanafunzi 304 waliohamia kwetu mwaka 2007 kutoka vyuo vya miaka miwili, 118 hawakuonekana kwenye hesabu ya Oktoba mwaka uliofuata, wala wa pili yake. Juu ya majina yao niliandika neno moja: walioacha. Bodi ya Chuo ilisoma neno hilo na ikaandaa pendekezo. Usajili wa Januari ufutwe. Anayehamia aje Agosti au asije kabisa, na atakayekatiza muhula mmoja aombe upya, apimwe kwa masharti mapya, kama mtu asiyewahi kutia mguu hapa.

Siku mbili baadaye Ardis alikuja ofisini kwangu na ripoti imekunjwa kwapani. Hakukaa.

"Loren, uliwahesabu lini hawa?"

"Oktoba kumi. Kama kila mwaka."

"Na Oktoba kumi baba yako huwa wapi?"

Baba yangu alilima viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, maisha yake yote, maili kumi na moja kutoka kwenye meza ile niliyokuwa nimekaa mbele yake. Nimekulia juu ya trekta. Oktoba, Bonde la Mto Mwekundu zima liko shambani, kwenye malori na kwenye virundo vya viazi virefu kuliko kanisa, zamu moja ya saa kumi na mbili mchana na nyingine ya saa kumi na mbili usiku, na wengine huendelea kiwandani hadi Krismasi. Nilikuwa nimewahesabu watu siku ambayo hata mama yangu asingepatikana kwa simu. Nilisikia masikio yakiwaka moto.

"Haya basi," alisema Ardis. Wanaomjua wanaelewa kwamba akisema hivyo, mazungumzo yamekwisha na kazi imeanza.

Alipitia madaftari ya usajili jina kwa jina. Watu 71 kati ya wale 118 walikuwa wakisoma kila Januari na kila kiangazi, na kila Agosti wanatoweka. Wengine 19 walikuwa wamehamia vyuo vikuu vingine na wanaendelea vizuri. Waliobaki 28 walikuwa wameacha kweli, na hakuwaficha. Aliandika sababu ya kila mmoja aliyempata. Lakini alijua Bodi itasema hao 71 hawako makini. Kwa hiyo akachukua likizo ya siku tatu, akavaa buti za marehemu mumewe, akaenda kwenye vituo vya kurundikia viazi na orodha yake imebanwa kwenye kibao cha mkononi, zamu za asubuhi zinapopokezana.

Huko alimkuta Corinne Lavallie, mwanamke wa Turtle Mountain, eneo la wenyeji wa asili wa Amerika, mama wa watoto watatu, akichukua sampuli za viazi kutoka kwenye malori, tope hadi kwenye nyusi. Alikuwa amepita vyuo vinne kwa miaka tisa. Shahada ya hisabati ilikuwa imebakiza masomo manane. Malipo ya mavuno ndiyo yaliyopasha nyumba yake joto hadi Machi. Ardis alimsomea jina lake chini ya neno langu.

"Nani kasema nimeacha chuo?" Corinne alifoka, akishindana na kelele za mashine. "Mie nimeacha Oktoba! Januari mtanikuta darasani, nimekaa mbele kabisa. Tena mwambie aliyeandika huo upuuzi aje hapa ashike ndoo!"

Ujumbe ulinifikia neno kwa neno. Ardis hakupunguza hata ndoo.

Bodi ilikutana Novemba. Nilidhani Ardis atasimama kuzungumza, akakataa katakata. "Ripoti yako, mdomo wako," aliniambia mlangoni. Basi nikasimama mbele ya watu tisa, nikasema nimekosea, nikaeleza nilivyokosea, na jasho likanitoka kwenye chumba chenye baridi. Hakuna siku niliyomchukia Ardis kama ile, wala siku ninayomshukuru zaidi.

Mjumbe mmoja akamgeukia Corinne, aliyekuwa amekuja na madaftari yake kwenye mfuko wa dukani. "Mama, si uchague moja? Kazi au masomo?"

"Mheshimiwa, mimi nilishachagua," alijibu. "Nimechagua mara nne, vyuo vinne. Karatasi zenu ndizo zinazosema sijachagua."

Kura zilikuwa tano kwa nne. Usajili wa Januari ulibaki, lakini kwa majaribio ya miaka mitano, na mimi nikaamriwa kuhesabu pia Februari. Kati ya wale 71, wahitimu ni 54. Corinne alihitimu Mei 2012, na Ardis, ambaye kwa kawaida hukwepa mahafali kwa sababu ya viti vyake vigumu, alikaa saa tatu nzima na kulia bila kutafuta kisingizio cha vumbi.

Neno "majaribio" ndilo lililotuwekea Ardis hapa hadi leo. Bodi iliongeza miaka mitano mwaka 2014, ikaongeza tena 2019, na kila mara ilikuwa kwa kura moja au mbili. Keki ya kwanza ya kumuaga tuliila mwaka 2021. Asubuhi yake alikuwa dirishani. Ya pili tuliila mwaka jana, na nayo ikawa hivyo hivyo. Magoti yake yanamuuma, binti yake anayeishi mji wa Duluth amemwandalia chumba, wajukuu wanapiga simu kila Jumapili kuuliza Bibi anakuja lini. Alitujibu sote jibu moja: hatoki mlango wa Januari ukiwa umeegeshwa tu. Tulimwona mkaidi, na ni kweli, ni mkaidi.

Mwezi uliopita nilipeleka hesabu za miaka kumi na mitano. Wanafunzi wanaohamia kwetu na kusoma Januari na kiangazi huhitimu 68 kwa kila mia. Wanaoanza hapa hapa wakitoka sekondari ni 66. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini hufika. Bodi ilipiga kura, tisa kwa sifuri. Neno "majaribio" limefutwa kwenye kanuni. Saa hiyo hiyo Ardis alijaza fomu ya kustaafu, kwa wino mweusi.

Kisha akampigia simu Corinne, ambaye sasa anafundisha hisabati kwenye chuo cha miaka miwili kilicho karibu na kwao. Mwaka huu ana wanafunzi kumi na wanne wanaojiandaa kuhamia kwetu. Nilikuwa nimesimama pale dirishani, simu iko kwenye spika. Ardis alimsomea kura: tisa kwa sifuri.

"Basi nawaambia waende tu kazini," alisema Corinne. "Mwaka huu hakuna atakayevuna huku anaogopa."

Bi Ardis, hao kumi na wanne wanaingia zamu wiki ijayo, wewe ukiwa njiani kuelekea Duluth. Januari tutawapokea sisi, na daftari la bluu litakuwa mezani. Ahsante kwa kila faili, na kwa niaba yangu binafsi, ahsante kwa kunisimamisha mbele ya watu tisa. Wote wa Brekkedal tunakutakia ustaafu wenye afya, magoti yaliyopumzika, na wajukuu wenye subira na kahawa yako.

Loren Hjelle
Ofisi ya Takwimu