Konstantini Margwe, Fundi Betri wa Maisaka

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Anthony, mdogo wake marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yalivyo, maana huyu aliyelala mbele yetu hakupenda habari za kupambwa.

Marehemu Konstantini Safari Margwe alizaliwa Sigino tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1976, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, alikwenda Arusha kujifunza ufundi gereji, akarudi mwaka 1984 na kufungua banda la kuchaji na kutengeneza betri Bagara, ambako malori, matrekta na redio za mji huu zimepita mikononi mwake.

Wateja wake mnaujua mdomo wake, hukuondoka na betri yako kabla hajakufundisha jambo, kwamba friji haitengenezi baridi bali hutoa joto nje, kwamba betri huharibika upesi ikiachwa tupu bila kazi, nanyi mlinung'unika kwamba mnachelewa shamba, lakini mlisikiliza.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Wilhelmina, ambaye wengi mnamwita Mama Devota, wakajenga Maisaka na kujaliwa watoto wawili, Devota na Calvin. Tangu umeme haujafika mtaani kwetu, hakuna msiba ambao hakutoa betri zake kwa ajili ya taa na spika, bila malipo, na hata umeme ulipofika hakuacha.

Mwaka 2022 alianza kukohoa, madaktari wakasema mapafu yameharibiwa na mvuke wa asidi, na tangu Novemba 2024 alipumua kwa mashine ya oksijeni nyumbani, akiwaeleza waliokuja kumjulia hali kwamba mashine ile haina hewa yake, inachuja tu hii hii ya Maisaka, na umeme ukikatika, betri zake mbili ndizo zilizoiendesha.

Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, mkesha wa maziko ya mama yake jirani yetu Bernadina, marehemu aliagiza betri hizo mbili zipelekwe msibani, Mama Devota akakataa, akakataa tena, marehemu akamwambia kwamba umeme wiki hii umetulia, na kwamba hajawahi kuacha msiba wa mtaa huu gizani, basi zikapelekwa. Kesho yake mchana, ibada ikiendelea, umeme ulikatika, nyumbani wakapiga simu ili betri zirudishwe, lakini wenye simu msibani walikuwa wamezizima kwa heshima ya ibada, Calvin akakimbia huko na pikipiki, akazing'oa betri kwenye spika katikati ya mahubiri, na alipofika nazo baba yake alikuwa ameshakata roho mikononi mwa Mama Devota.

Bernadina yupo hapa, asinyooshewe kidole. Mimi nina hasira na sijui nimkasirikie nani, na neno la kuwafariji nimelitafuta, sikulipata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake wa Bagara waliofunga vyombo hivi leo. Spika mnayonisikia inatumia betri zile zile mbili, zimejaa, na tukishazika, mwenye msiba mwingine azichukue, kwetu hazina kazi tena.

Kaka Konstantini, pumzika kwa amani, mtaa wako una taa.