Bibi Harusi Hacheki

Ubwa: Haloo? Nani mwenzangu?

Basma: Mimi, mkeo. Natumia simu ya dereva. Gari limekufa njia ya Kizimkazi, sitowahi kupiga picha za harusi. Kamera ushaifikisha?

Ubwa: Nshaifikisha. Niko nayo juu, ukumbini kwa wanawake.

Basma: Juu? Ubwa! Huko mwanamme haingii!

Ubwa: Nimeingia kwa ruhusa. Wamenifunga macho.

Basma: Wamekufunga—

Ubwa: Mtandio wa Bi Ulfat, shangazi yake bibi harusi. Mafundo matatu. Na simu wameibana humohumo sikioni, nipate kushika kamera kwa mikono miwili.

Basma: Wanawake kumi na tano wamo humo! Kwa nini asipige mmoja wao?

Ubwa: Hawataki hata kuigusa. Wanasema atakayeharibu picha ya bibi harusi Muzna atasemwa mpaka anakufa. Asiyeona hana lawama.

Basma: Na simu zao?

Ubwa: Zimekusanywa mlangoni, picha zisitoke nje.

Basma: Lakini wewe ni fundi cherehani!

Ubwa: Nliwaambia. Wakasema ndo vizuri, mkono wangu hautetemeki.

(Mtandao unakwaruza.)

Basma: —unanisikia? Saa kumi Muzna anaruka kwenda Maskati. Bibi yake aliyemlea yuko kitandani kule Mpendae, ngazi za jumba hilo haziwezi. Nlimuahidi picha ya mjukuu wake. Moja tu, Ubwa.

Ubwa: Nshapiga sita.

Basma: Alhamdulillahi! Zikoje?

Ubwa: Bi Ulfat anazitazama kwenye kioo cha kamera. Ya kwanza feni. Ya pili sinia la halua. Ya tatu—

Basma: Muzna yuko wapi?

Ubwa: Wanasema yuko kushoto. Bi Radhiya, mgeni mmojawapo, anasema kushoto kwangu, Bi Ulfat anasema kushoto kwake. Wananizungusha, Basma. Kichwa kinaniuma.

Basma: Muzna aseme neno, ufuate sauti.

Ubwa: Bibi harusi hasemi. Anakaa kimya, kainamisha macho.

Basma: Akohoe!

Ubwa: Ngoja. Jamani, akohoe! Kakohoa. Nnakwenda... nimefika. Hapa. Mashaallah, bibi harusi, umependeza, mabega yamekaa sawasawa, hebu inua kidevu kido—

Basma: Nini hicho? Nani wanacheka?

Ubwa: Wote. Kumbe naiambia nguzo.

Basma: Yarabi.

Ubwa: Na Muzna naye anacheka, namsikia, yuko hapahapa nyuma ya— (tiki!) Nimebonyeza.

Basma: Umempata?

Ubwa: Subiri, wanatazama. Bi Radhiya anasema katokea mzima. Uso, maua, hina, vyote.

Basma: Mume wangu! Mume wangu!

Ubwa: Ngoja. Bi Ulfat amekasirika.

Basma: Kwa nini?

Ubwa: Bibi harusi kacheka. Meno yote nje. Anasema ukweni watasema binti hana haya. Anataka nifute.

Basma: Usifute! Muzna mwenyewe anasemaje?

Ubwa: Kasema taratibu: “Bibi ananijua hivyohivyo.” Sasa kanyamazishwa. Gari la uwanja wa ndege limefika, wanamteremsha.

Basma: Ngoja nifikiri.

Ubwa: Basma? Bi Ulfat kanikamata mkono. Kufuta nabonyeza wapi?

Basma: Juu, karibu na hapo ulipokuwa ukibonyeza, pana swichi. Izungushe.

Ubwa: Nimeizungusha. Bi Ulfat anasema kioo kimekuwa cheusi. Anashukuru.

Basma: Haya. Toka nayo, nenda Mpendae moja kwa moja.

Ubwa: Kumwonesha nini tena?

Basma: Ukifika, irudishe ile swichi, kamera iwake. Mpe Bibi kamera aangalie. Wewe geukia ukutani.

(Mtandao unakwaruza.)

Ubwa: Basma.

Basma: Naam.

Ubwa: Wanauliza unasemaje.

Basma: Waambie nawapa pole sana. Haraka, dereva anasema salio lake lina—

Ubwa: Anasema poleni sana. Basma? Haloo? Imekatika. Bi Ulfat, fundo hili nani alilifunga?